UZI: Mashindano ya Tekken ya kirafiki mtandaoni, mwaka mmoja bila kiingilio. Nimejifunza kumtazama aliyefungwa wa kwanza

Mleta uzi (Dar)

Habari za jioni wakuu.

Wadau kadhaa wamenifuata faragha wakiuliza tunaendeshaje yale mashindano yetu ya kila mwezi ya Tekken, ile gemu ya mapigano, maana na wao wanataka kuanzisha ya kwao. Nimeona niandike hapa hapa mara moja, kila mtu asome, na wenye uzoefu waongeze.

Kwanza nieleze tulikotoka. Kundi letu lilianza la watu tuliokua na mabanda ya gemu. Mimi nimekulia Tandika. Tekken 3 ilipotoka kwenye PlayStation ya kwanza mwaka 1998 nilikuwa mdogo sana, ila miaka iliyofuata ndiyo ilikuwa gemu ya kila banda mtaani. Benchi moja la mbao, watu sita wamebanana, televisheni imefungiwa kwenye kisanduku cha nondo, na pedi zilizofutika alama za vitufe. Sheria ilikuwa moja: aliyefungwa anaamka, mshindi anabaki. Ukiwa mdogo unalipia mia yako, mhusika Hwoarang wa kaka mmoja anakutembezea mateke, dakika mbili umeshaamka. Lakini huondoki. Unabaki nyuma ya benchi unaangalia, unauliza "lile teke la juu umelitoaje", na kuna siku kaka yule yule anakuachia pedi raundi moja ujaribu.

Kile cha kubaki nyuma ya benchi ndicho tulichokipoteza tulipohamia mtandaoni, na ilituchukua miezi mitatu kulitafutia dawa.

Mashindano yetu ya kwanza niliyaandaa mimi. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, tuliichagua kwa sababu wa PS5, wa Xbox mpya na wa kompyuta wanakutana humo humo bila kujali mashine. Walijiandikisha 16, nikachora mtoano wa kawaida, ukifungwa unatoka. Siku yenyewe wakafika 11. Mmoja alikuwa kijana wa Tabora, mgeni kabisa kwenye kundi. Alikuwa ametuandikia mchana kwamba ameazima rauta kwa jirani na amenunua bando kwa ajili ya usiku ule. Nikampanga na mtu anayecheza kila siku. Mechi yake ilikwisha kwa dakika nne. Akaandika "asanteni wakuu, nimefurahi", akatoka kwenye chumba. Hakurudi mwezi uliofuata, wala uliofuata.

Sisi wengine tuliendelea mpaka saa sita usiku tukisifiana fainali ilivyokuwa kali. Yule kijana nilikuja kumkumbuka kesho yake nilipokuwa nahesabu nani kacheza mechi ngapi: watano kati ya 11 walicheza mechi moja tu. Mtu kajiandaa wiki nzima, kaazima rauta, akapata dakika nne. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu yule hakukosa kitu chochote. Mpango wangu ndio uliokuwa mbovu.

Tangu siku hiyo kila tunachopanga nakipima kwa swali moja: aliyefungwa wa kwanza leo, atacheza na nani baada ya hapo?

---

Mdau wa Mombasa

Shusha nondo bwana, tuko hapa. Hiyo ya mechi moja na kwenda nyumbani imeua makundi mawili huku kwetu nikiona kwa macho yangu. Sasa mlibadilisha vipi?

---

Mleta uzi (Dar)

Mkuu, kuna njia mbili tulizozijaribu.

Ya kwanza ni ule mtoano ambao mtu anatoka akifungwa mara mbili. Ndio unaotumika kwenye mashindano makubwa ya gemu za mapigano, hata Evo ya Marekani. Ukifungwa mara ya kwanza unashuka ngazi ya chini, unaendelea kupigania nafasi, na unaweza kupanda mpaka fainali. Ni mfumo wa haki sana kumpata aliye bora. Kwa watu 16 zinakuwa mechi 30, au 31 kama wa ngazi ya chini atashinda fainali ya kwanza na ikabidi irudiwe. Programu za Challonge na start.gg zinaupanga zenyewe, unaingiza majina tu.

Ila kwa kundi la kirafiki una shida. Mgeni bado anaweza kufungwa mara mbili ndani ya nusu saa, na ngazi ya chini inakwenda polepole, watu wanasubiriana. Usiku mmoja tulimaliza saa nane. Watu wana kazi asubuhi.

Ya pili ndiyo tuliyobaki nayo. Makundi manne ya watu wanne wanne, kila mtu anacheza na wenzake wote watatu. Hizo ni mechi 24, lakini kwenye kila kundi mechi mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni vipindi vitatu tu. Tukiweka dakika 15 kwa kipindi, ndani ya dakika 45 makundi yamekwisha. Halafu, na hapa ndipo palipotuokoa, wawili wa juu wa kila kundi wanaingia Kombe la Juu na wawili wa chini wanaingia Kombe la Chini. Kila kombe ni mtoano wa watu wanane, mechi saba. Hakuna anayeondoka na mechi pungufu ya nne.

Na Kombe la Chini tunalipa heshima yake. Fainali yake inarushwa YouTube kabla ya fainali ya juu, na mtangazaji ni yule yule. Mwanzoni kuna wadau walisema ni kombe la kuwafariji watu. Mwezi wa nne fainali yake ilikwenda gemu ya tano, raundi ya mwisho, wote wawili wamebaki na damu ya kuguswa tu. Nilisikia watu wanapiga kelele kwenye chumba cha sauti kama tuko bandani. Yule aliyeshinda mwezi ule sasa anacheza Kombe la Juu.

Idadi isipogawanyika kwa nne usihangaike. Tengeneza makundi ya watano na ya wanne. Watu wakiwa wanane tu, acha makundi, kila mtu acheze na kila mtu: mechi 28, wote wanafurahi.

Mechi za makundi na mtoano ni wa kwanza kushinda gemu 2. Fainali gemu 3. Aliyefungwa gemu anaruhusiwa kubadili mhusika, mshindi anabaki na wake. Uwanja achague kompyuta.

---

Mdau wa Arusha

Mleta uzi, mnapangaje nani aingie kundi gani? Mkichora kwa bahati tu unaweza kukuta wakali wote kundi moja.

---

Mleta uzi (Dar)

Tunatenganisha wanne waliofanya vizuri mwezi uliopita, mmoja kila kundi. Waliobaki wanachorwa kwa bahati, mbele ya watu, kwenye simu ya video, siku moja kabla. Usichore peke yako chumbani halafu ukabandika picha. Hata kama umetenda haki, mtu aliyepangwa na bingwa atakuwa na neno moyoni. Na ndugu au marafiki wa nyumba moja wasikutane raundi ya kwanza, hao wanacheza pamoja kila siku.

Sasa niingie kwenye intaneti, maana hapa ndipo ugomvi unapozaliwa.

Gemu hizi zinakwenda fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde. Fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Ngumi ya kawaida ya haraka ya Tekken inatoka fremu ya kumi. Ile ngumi ya umeme ya Kazuya inataka mkono wa kushoto ufike pembe ya chini-mbele na kidole cha ngumi kigonge ndani ya fremu ile ile moja. Kwa hiyo intaneti ikitetereka kidogo tu, mchezaji anaihisi kwenye vidole kabla hajaiona kwenye skrini.

Zamani gemu za mtandaoni zilikuwa zinasubiri: umebonyeza, gemu inangoja taarifa ya mwenzako ifike ndipo ionyeshe. Ukicheza na mtu wa mbali, kila kitu kinakuwa kizito kama unapigana ndani ya maji. Mwaka 2006 Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa ndugu walioanzisha Evo, alitoa mfumo wake wa GGPO. Huu hausubiri. Unakisia kwamba mpinzani anaendelea na alichokuwa anafanya, unaonyesha papo hapo, na taarifa ya kweli ikifika na kukuta ilikisiwa vibaya, inarudi nyuma fremu chache na kusahihisha. Huo ndio rolibeki mnaousikia. Tekken 8 na Street Fighter 6 zote zinatumia rolibeki.

Lakini rolibeki si dawa ya kila kitu. Umbali ukizidi, masahihisho yanakuwa makubwa, unaona mpinzani anaruka kutoka hapa kwenda pale bila kutembea. Mfyeko wa chini wa Bryan, ambao ukiwa makini unauona ukija na unainama kuukinga, unakufikia mguuni ukiwa umeshachelewa.

Jambo moja la kutia moyo kwa sisi wa huku: mechi hizi haziendi kwenye seva ya mbali. Mashine yako inazungumza moja kwa moja na ya mwenzako. Kwa hiyo wa Dar na wa Nairobi hawana haja ya kusubiri kampuni ije kuweka seva Afrika Mashariki. Kinachohitajika ni mitandao yenu miwili ikutane karibu, na ndiyo kazi ya vituo vya kubadilishana data kama TIX hapa Dar na KIXP Nairobi. Mitandao isipokutana huko, data ya mtu wa Kinondoni kwenda kwa mtu wa Temeke inaweza kuzunguka mpaka Ulaya na kurudi. Tumewahi kukuta wawili wa Dar, mitandao tofauti, wana pingi (muda wa data kwenda na kurudi) ya milisekunde 180, wakati mmoja wao akicheza na wa Mombasa anapata 38. Tulipojua hivyo tukaacha kudhani kwamba jirani ndiye mwenye mechi nzuri. Tunapima.

Nyote mnakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini. Siku kadhaa intaneti ilikuwa ya kubahatisha karibu ukanda mzima. Siku kama hizo tunaahirisha, hatulazimishi.

---

Mdau wa Mombasa

Mimi sina waya nyumbani, nacheza kwa hotspoti ya simu. Na vile naona kwenye makundi mengine mtu wa waifai anakataliwa kabisa. Nyinyi je?

---

Mleta uzi (Dar)

Hatukatai. Tukikataa waifai tunakata nusu ya kundi, na tunakata wale wale ambao tayari ni wagumu kufikiwa.

Tunachodai ni jaribio. Kabla ya siku, kila mtu anacheza mechi moja ya majaribio na mmoja wa waandaaji. Tunaangalia kama picha imetulia. Kasi peke yake haitoshi: Mbps 50 za waifai inayoyumba ni mbaya kuliko Mbps 5 za waya uliotulia. Mechi yenyewe haili data nyingi, zinazotumwa ni taarifa za vitufe, siyo picha.

Kwa wa hotspoti haya yametusaidia. Ukiwa unachezea kompyuta, unganisha simu kwa waya wa USB badala ya waifai, tofauti utaiona usiku huo huo. PS5 haikubali njia hiyo, kwa hiyo weka simu karibu kabisa na mashine, siyo mfukoni, siyo chumba cha pili. Washa hotspoti ya GHz 5 kama simu inayo. Wengine ndani ya nyumba waombwe wasitazame video kwa saa mbili. Na mwenye rauta, hata kama ni ya laini ya simu, atafute waya mrefu wa kuchomeka kwenye mashine. Waya wa mita kumi ndio ununuzi bora niliowahi kuufanya kwa ajili ya gemu, umenisaidia kuliko pedi mpya.

Tekken 8 yenyewe inakuonyesha mpinzani yuko kwenye waya au waifai kabla hujakubali mechi. Kwa hiyo mtu asidanganye.

Kingine: sasisheni gemu siku mbili kabla. Kwenye kompyuta Tekken 8 inataka nafasi ya GB 100, na masasisho yake si madogo. Mashindano yetu ya pili sasisho lilitoka siku ile ile. Saa tatu kasoro tano usiku wadau watatu wanatutumia skrinishoti, mmoja yuko asilimia 40, na matoleo yasipolingana hamuwezi kukutana. Tulisubiri saa nzima. Sasa tunatuma ukumbusho siku mbili kabla na asubuhi ya siku yenyewe.

---

Mdau wa Muscat

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi niko Oman, wazee wetu ni wa Unguja, nafuatilia kundi lenu kitambo. Naomba muandike saa vizuri. Mwezi uliopita nimesoma "saa tatu" nikaingia chumba kitupu.

---

Mleta uzi (Dar)

Waalaikum salaam, tunakuomba radhi, kosa lilikuwa letu. Nyinyi mko saa moja mbele yetu, na wadau wetu wa Bukavu na Bujumbura wako saa moja nyuma. Juu ya hapo kuna anayesoma saa ya Kiswahili na anayesoma ya simu. Sasa tangazo linaandikwa hivi: "Ijumaa, saa 3:30 usiku Dar na Nairobi (21:30), Muscat 22:30, Bukavu 20:30." Refu, ila hakuna aliyepotea tena.

Na hatuanzi kabla ya Isha. Ramadhani tunasogeza mpaka baada ya Tarawehe, au tunaacha kabisa mwezi huo na kufanya mazoezi tu.

Pingi ya kwako na sisi usiikatie tamaa, tujaribu kwanza. Kwenye waya wa kioo data inatembea kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Umbali wa Muscat peke yake rolibeki inaubeba. Kinachoharibu ni njia ya kuzunguka.

---

Mdau wa Arusha

Naomba niseme jambo la lugha. Mimi ni mwanamke, ninacheza tangu Tekken 5. Makundi mengi nimeingia kwa jina la kiume, kwa sababu ukijulikana tu, kila ukishinda unaambiwa umebahatisha, na ukishindwa unatumiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kundi lenu nilikaa miezi miwili kimya nikiangalia. Nilijitokeza baada ya kuona mtu katolewa kwa tusi, tena mtu mkali mwenye jina. Pale nikajua hapa ninaweza kucheza kwa sauti yangu.

---

Mleta uzi (Dar)

Dada, nashukuru kwa kuliandika hili, na naomba kila anayetaka kuanzisha kundi alisome mara mbili.

Utani wa banda tunaupenda. "Leo nakupeleka shule", "Eddy wako anacheza ngoma tu", hayo ni chumvi ya mchezo. Mpaka wetu ni mzazi, dini, kabila, jinsia na mwili. Ukiuvuka, mechi uliyonayo umepoteza na mwezi unaofuata huchezi. Yule tuliyemtoa alikuwa nusu fainali, na watu waliomba aachwe amalize. Hatukumwacha. Ukiamua kwa mara ya kwanza kwamba mkali anasamehewa, wengine wote wameshakusikia.

Na wenye kudhani gemu hizi ni za wanaume: Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU kwa Tekken 7. Alianzia Nairobi, kwenye mashindano ya nyumbani.

---

Mdau wa Mombasa

Na mtandao ukikatika katikati ya mechi? Hapo ndipo huku kwetu watu walikosana wasisalimiane.

---

Mleta uzi (Dar)

Andikeni kabla. Tulikosana na sisi, tena mkosaji alikuwa mimi. Mwezi wa pili nilikuwa mwandaaji na mchezaji. Robo fainali umeme ukakatika kwangu nikiwa nyuma, raundi mbili kwa moja. Nikarudi baada ya dakika saba, nikaamua gemu ianze upya, kwa sababu hakukuwa na sheria na mwenye kuamua nilikuwa mimi. Nikashinda. Mwenzangu hakusema kitu usiku ule. Wiki ile nilimpigia simu nikamwomba radhi, na tukaandika sheria tukiwa wawili. Ndizo tunazotumia hadi leo:

Mechi ikikatika, gemu iliyokuwa inachezwa inarudiwa kuanzia raundi zilizokwishashindwa. Yaani mlikuwa 2–1, mnaanza gemu mpya, aliyekuwa nyuma anaacha raundi mbili zichukuliwe, aliyekuwa mbele anaacha moja, halafu mnaendelea. Aliyekatikiwa ana dakika 10 za kurudi. Akikatikiwa mara ya pili kwenye mechi hiyo hiyo, gemu ni ya mwenzake. Mara ya tatu, mechi. Haijalishi ni umeme, bando, au mtoto kachomoa waya, hatuchunguzi nia ya mtu. Hilo la kutochunguza nia ndilo limeleta amani, kwa sababu hakuna anayeitwa mwongo.

Na mwamuzi hachezi mwezi anaoamua. Tunapokezana, watu wanne.

Zawadi: hatuchukui kiingilio. Wadau wa Unguja na Mombasa walituambia mapema kwamba kuchanga fedha wachezaji wenyewe halafu mshindi azoe zote, kwao inafanana na kamari na hawataingia. Wana hoja, na hata ukiacha dini, fedha ya watu mkononi mwa mtu mmoja ni mzigo. Zawadi zetu zinatolewa na asiyecheza mwezi huo: bando, wakati mwingine pedi iliyotumika bado nzima. Mwezi mmoja mdau fundi alijitolea kutengeneza bure pedi mbili zinazovuta zenyewe bila kuguswa, moja kwa bingwa wa Juu, moja kwa bingwa wa Chini. Zawadi ile watu waliiongelea kuliko zote.

---

Mdau wa Bukavu

Jambo kwenu. Sisi hapa tuko watano, PS5 hakuna. Tuna ordinateri za zamani tu. Tunaweza kuingia namna gani?

---

Mleta uzi (Dar)

Jambo ndugu, karibuni sana wote watano. Pakueni Fightcade, ni bure, na inakubali kompyuta dhaifu kwa sababu gemu zake ni zile za mashine za zamani: King of Fighters 98, Street Fighter III 3rd Strike na nyingine nyingi. Ina rolibeki, na mtu akiwa anacheza wengine wanaweza kuingia kumtazama. Tuna usiku wa KOF 98 Jumatano ya pili ya mwezi, makundi yale yale, makombe mawili yale yale. Pedi yoyote ya USB inatosha, hata kibodi.

Nyinyi watano mna kitu ambacho sisi tuliotawanyika hatuna: mnaweza kukaa chumba kimoja. Arslan Ash wa Lahore alipochukua Evo Japan na Evo ya Las Vegas mwaka 2019 kwa Tekken 7, watu walishangaa Pakistani imetokea wapi. Ilikuwa imekaa kwenye vibanda vyake, watu wanapigana wao kwa wao kila jioni. Chezeni pamoja mara nyingi, halafu mje mtandaoni.

Nimalizie na tunachofanya baada ya fainali, maana ndicho kinachonigusa zaidi. Chumba hakifungwi. Kwa nusu saa, kila aliyeingia Kombe la Juu anachukua mtu mmoja wa Kombe la Chini, wanafungua marudio ya mechi aliyofungwa. Tekken 8 inakuruhusu kusimamisha marudio na kushika pedi mwenyewe pale pale ulipopigwa, ujaribu kujibu. Mwezi uliopita nilikuwa na binti wa Dodoma anayemchezea mhusika King. Alikuwa anapigwa na mkunjo ule ule wa mateke kila raundi. Tulirudia sekunde tatu zile mara ishirini hivi. Mara ya ishirini akainama kwa wakati, teke la juu likapita kichwani, akamnyanyua mpinzani akambwaga. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe lile la pili linapita juu." Nilijiona nimerudi Tandika, nyuma ya lile benchi.

Yule kijana wa Tabora nilimtafuta. Nilimwandikia nikamweleza tulivyobadilisha na kwa nini. Alijibu kwamba rauta ilirudi kwa jirani, ana PS4 tu sasa.

---

Mdau wa Arusha

PS4 si ina Tekken 7? Hatuwezi kumfanyia kitu?

---

Mleta uzi (Dar)

Tunaweza. Tekken 7 haichanganyi mashine, PS4 kwa PS4 tu, kwa hiyo inabidi tupate wa PS4 wa kutosha kuunda kundi hata la wanne. Mpaka sasa nina watatu: yeye, mmoja wa Morogoro na mmoja wa Kisumu. Mwenye PS4 na Tekken 7, hata kama hujaigusa mwaka mzima, andika hapa chini mkoa wako na kama una waya au waifai. Mechi za majaribio ni Alhamisi saa 2:30 usiku (20:30) saa za Dar. Kuhusu rauta, mdau mmoja wa Tabora mjini amesema anayo ya akiba na atampelekea Jumatano.

---

Mdau wa Mombasa

PS4 ninayo, ya kaka yangu. Mombasa, waifai. Niandike.